Ajira Ina Mwisho, Kazi Haina

Mwezi huu umetimia mwaka mmoja tangu nilipoiaga ofisi ya bima jijini Nairobi ambayo niliitumikia kwa muda wa miaka 26. Niliondoka kwa hiari yangu, nikiwa na umri wa miaka 53, wakati mwajiri alipowapa nafasi ya kuondoka mapema wafanyakazi waliotaka. Hapakuwa na ugomvi wala machozi. Palikuwa na keki, hotuba mbili fupi na saa ya ukutani niliyotunukiwa. Tangu siku hiyo kuna swali moja ambalo limenifuata kila niendako, sokoni, kanisani, matangani na harusini. Swali lenyewe ni hili: "Siku hizi uko wapi?"

Mgeni wa nchi hii angedhani ninaulizwa mahali ninapoishi. Sisi wenyewe twajua kwamba aulizaye hivyo ataka kujua umeajiriwa na nani. Mtu aweza kuwa amesimama mbele yako, mmeshikana mikono, na bado akakuuliza uko wapi. Nami nijibupo kwamba nipo nyumbani, huuona uso wa mwenzangu ukibadilika. Wengine hunipa pole. Wengine huninong'oneza jina la mtu wanayemjua katika kampuni fulani, ambaye huenda akanisaidia. Nia yao ni njema na siwalaumu. Hata hivyo, swali hilo na pole hiyo vimenifanya nitafakari jambo ambalo naona linawahusu walimu na wanafunzi kuliko linavyonihusu mimi ambaye safari yangu ya ofisini imekwisha. Jambo lenyewe ni jinsi tulivyochanganya ajira na kazi hata tukadhani kwamba ni kitu kimoja.

Lugha yetu ina maneno mawili kwa sababu mambo yenyewe ni mawili. Ajira ni mapatano. Neno hilo, kama nduguye ujira, lina asili ya Kiarabu, nalo lahusu malipo apewayo mtu kwa kuwapa wengine nguvu zake na wakati wake. Mapatano huandikwa, hutiwa sahihi, na siku moja hufikia ukomo. Kazi ni ile shughuli yenyewe yenye manufaa, na huwapo hata pasipo na barua. Lakini hebu tuisikilize jinsi tunavyozungumza. Mama aamkaye saa kumi na moja alfajiri, akateka maji, akakama ng'ombe, akawatayarisha watoto kwenda shuleni, akalima hadi adhuhuri na kumwuguza mkwewe jioni, ukimwuliza afanyacho atakujibu, "Sina kazi, nakaa nyumbani tu." Mwanawe aliye mjini, aketiye nyuma ya meza akipiga mihuri, huyo ndiye asemwaye kwamba ana kazi. Wahenga walinena kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Hawakutaja ajira.

Ningekuwa mwizi wa fadhila kama ningeibeza ajira yangu. Ilinisomeshea watoto na kunijengea nyumba ninamoishi. Zaidi ya fedha, ilinipangia wakati. Neno mshahara latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, na kwa hakika mwenye mshahara huyapima maisha yake kwa mwisho wa mwezi. Wiki nayo ilianza Jumatatu, siku ambayo Kiswahili chenyewe huihesabu kuwa ya tatu. Siku ilianza saa mbili asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni, na kabla ya hapo na baada ya hapo palikuwa na matatu. Sasa kwa kuwa nina nafasi ya kupiga hesabu, nimezipiga. Saa mbili za barabarani kila siku, siku tano kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, kwa miaka 26, ni saa 12,480. Hizo ni siku 520, usiku na mchana. Ni takriban mwaka mmoja na miezi mitano ya umri wangu niliyoimaliza nikikitazama kisogo cha abiria aliyeketi mbele yangu.

Ungetarajia kwamba mtu aliyerudishiwa saa hizo angezipokea kwa shangwe. Miezi mitatu ya kwanza haikuwa hivyo. Niliamka saa kumi na moja bila kuamshwa, nikaoga, nikavaa, kisha nikakosa pa kwenda. Siku isiyo na mipaka ni kama shamba lisilo na ua, maana kila mnyama wa jirani huingia na kula. Aliyetaka kusindikizwa hospitalini, aliyetaka mzigo wake upokewe na aliyetaka mtu wa kuzungumza naye asubuhi kutwa, wote walinijia mimi, kwa kuwa mimi "sina kazi". Ilipofika mwezi wa nne nilichukua karatasi, nikajiandikia ratiba na kuibandika ukutani. Huenda msomaji akaona kwamba hilo ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo. Kwa miaka 26 sikuwa nimeipanga siku yangu mwenyewe, nilipangiwa. Uwezo wa kujipangia siku ni kama msuli, na usipotumiwa hunywea.

La pili ambalo ajira ilinipa ni jina. Ofisini nilikuwa na cheo, na cheo kilikuwa na simu. Mwezi wa kwanza baada ya kuondoka, watu bado walinipigia wakiulizia majalada yao. Mwezi wa tatu simu ikanyamaza. Ilipofika Krismasi, waliozoea kuniletea kalenda na salamu walimpelekea aliyekalia kiti changu. Sikuona ubaya wowote katika hilo, kwa maana salamu zile zilikuwa za kiti tangu mwanzo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na heshima ya kiti ni nguo ya kuazima. Siku hizi muuza mboga na kinyozi huniita Mzee, kwa sauti ile ile wanayowaitia wazee wengine wa mtaa, nami nimeanza kulipenda jina hilo kwa sababu hakuna mkurugenzi awezaye kuniondolea.

La tatu ni watu. Chai ya saa nne, utani wa Ijumaa, orodha ya michango inayozungushwa mezani mwenzetu anapofiwa, hayo yote nilidhani ni mambo ya pembeni. Mwaka huu nilipata habari za msiba wa mtu niliyeketi naye chumba kimoja kwa miaka tisa, na zilinifikia majuma mawili baada ya mazishi. Hakuna aliyekusudia kunificha. Orodha ilizunguka mezani kama kawaida, na mimi sikuwa mezani. Tangu siku hiyo nimeanza kuwatembelea wenzangu wa zamani majumbani mwao, mmoja baada ya mwingine. Nimegundua kwamba wengi wao sikuwahi kuyajua majina ya watoto wao.

Sitaki msomaji adhani kwamba naupamba ukata. Kuondoka ofisini bila maandalizi ni kujitosa baharini usiku. Kwa miaka mingi mchango wa mfanyakazi kwa hazina ya NSSF haukuzidi shilingi 200 kwa mwezi, naye mwajiri akaongeza kiasi kama hicho. Mwenye kuwekewa shilingi 400 kila mwezi kwa miaka 20 huwa na akiba ya shilingi 96,000 kabla ya faida. Fedha hizo hazimtoshi mtu na jamaa yake kukaa mjini mwaka mmoja. Sheria ya mwaka 2013 iliyokusudiwa kuiongeza michango hiyo ilikaa mahakamani kwa muda mrefu na ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Kwa watumishi wa umma, walimu wakiwemo, mpango mpya wa malipo ya uzeeni ulianza Januari 2021. Chini ya mpango huo, mtumishi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wake, nayo serikali huongeza asilimia 15. Mwalimu kijana anayesoma makala haya na aitazame hati yake ya mshahara jioni ya leo, aone makato hayo yameandikwa wapi na aulize akiba yake imefika wapi.

Bima ya afya nayo ina yake. Oktoba 2024 NHIF iliipisha SHA, na tangu hapo mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 bila hata kuinua kidole. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Haya hayatajwi katika hotuba za kuagana, na ni muhimu kuliko keki.

Sasa niyaeleze yaliyonishangaza. Mwezi wa tano jirani yangu, mama aliyefiwa na mumewe katika ajali ya barabarani, aliniletea bahasha. Kampuni ya bima ilikuwa imemwandikia barua ya kurasa mbili ambayo hakuielewa. Niliisoma. Barua yenyewe haikumkatalia chochote. Ilitaka nakala ya ripoti ya polisi, cheti cha kifo na barua ya chifu. Nikamwonyesha pa kuanzia na nani wa kumwona. Kwa miaka 26 nilikuwa upande wa pili wa meza, nikizipokea bahasha kama hiyo na kuzirudisha kwa sababu zilikuwa na upungufu. Jirani huyo alimwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia mwingine. Leo, kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, huketi barazani nikiwasaidia watu kujaza fomu: mwalimu aliyestaafu anayefuatilia malipo yake, mzazi anayeomba msaada wa karo kutoka hazina ya eneo bunge, kijana wa bodaboda asiyejua bima yake yamlipia nini. Hawanilipi, isipokuwa mmoja aliyeniletea chane ya ndizi.

Kazi niliyoifanya ofisini na ninayoifanya barazani ni ile ile. Kilichokwisha ni mapatano. Hata neno kustaafu, tukilichunguza, halina maana ya kuwa mtu bure. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuomba kuachiliwa. Mtu huomba aachiliwe kutoka katika utumishi wa mwingine. Sijasikia aliyeomba aachiliwe asiwafae watu.

Walimu wa Kiswahili wanamjua Shaaban Robert kwa tungo zake. Ni vyema pia wawakumbushe wanafunzi kwamba alikuwa karani. Aliajiriwa katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, akahudumu humo hadi 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali. Kitabu chake Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951, angali mwajiriwa. Alifariki mwaka 1962. Ni nani leo amkumbukaye mkubwa wake wa forodha, au daraja la mshahara aliokuwa akipokea? Serikali aliyoitumikia imekwisha, na majalada aliyoyajaza kwa mkono wake hayasomwi na mtu yeyote. Kinachosomwa madarasani ni kile alichokifanya katika saa ambazo hakuna aliyemlipa. Sisemi kwamba kila karani ana Kusadikika katika mtoto wa meza yake. Nasema kwamba hakungoja kustaafu ndipo atafute kazi yake.

Hapa ndipo nageukia shule zetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, nia iliyotangazwa ilikuwa kumpa mtoto stadi za kujitegemea. Ndiyo sababu palikuwa na kilimo, sayansi kimu, useremala na ushonaji. Waliosoma miaka hiyo watakumbuka vikapu na mipini ya majembe iliyopelekwa shuleni, mingi yake ikiwa imetengenezwa na wazazi au kununuliwa sokoni. Stadi za mikono ziligeuzwa kuwa alama za mtihani, na alama zikawa tiketi ya kuingilia ofisini. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, umeileta ahadi ile ile kwa maneno mapya. Naiombea heri. Lakini mtaala hauwezi kuishinda imani ya nyumbani na ya darasani kwamba aliyesoma ni yule aliyeketi.

Tuzitazame takwimu. Ripoti za kila mwaka za shirika la taifa la takwimu, KNBS, huonyesha kwamba, ukiwaacha wakulima wadogo kando, zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaofanya shughuli za kujipatia riziki nchini wamo katika sekta isiyo rasmi. Hao ni mafundi wa jua kali, wauzaji, wachukuzi, wasusi na wengine wengi. Kwa hivyo, katika darasa la wanafunzi 50, huenda wasifike 10 watakaokalia kiti kama kile nilichokiacha. Tukiwafundisha wote 50 kwamba kazi ni ofisi, tumewatangazia 40 kushindwa kwao kabla hawajaanza. Na wale 10 tumewanyima jambo jingine, kwa kuwa hatukuwaambia kwamba siku moja watakiacha kiti hicho na kwamba nje yake kuna nusu ya maisha.

Msomaji kijana aweza kunijibu: wewe umeshiba, ndipo wahubiri mfungo. Hoja yake ni nzito na sitaiepa. Sina haki ya kumwambia aliyehitimu, akakaa miaka minne akituma barua zisizojibiwa, kwamba ajira si kitu. Ajira ni kitu kikubwa, na serikali na waajiri wana wajibu wa kuipanua. Lakini tuwatazame walimu waliohitimu, wanaosubiri kuajiriwa na TSC huku wakifundisha kwa malipo madogo ya bodi za shule. Kila asubuhi wanasimama mbele ya darasa. Mtoto aliyeielewa hesabu ya sehemu hakuuliza mwalimu wake analipwa na nani. Kazi wanayo, tena wanaifanya. Wanachonyimwa ni ajira ya haki, na wanastahili kuidai kwa sauti. Tukiyachanganya maneno haya mawili tunawadhulumu mara mbili: tunawapunja malipo, kisha tunawaambia kwamba hawajapata kazi. Yule mama aliyekama ng'ombe na kumwuguza mkwewe tunamdhulumu vivyo hivyo.

Kwa walimu wenye ajira ya kudumu nina neno fupi. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Miaka hiyo mitano ya ziada imewafanya wengi waone kwamba siku yenyewe ingali mbali. Semina za wanaostaafu nazo aghalabu huja mwaka wa mwisho, na mazungumzo huwa ya fedha peke yake. Fedha ni lazima, lakini semina hiyo haitakufundisha namna ya kuipanga Jumatatu isiyo na kengele, wala utawafaa akina nani wakati sahihi yako haitakiwi tena. Hayo hujifunzwa mtu angali kazini, polepole. Mwenye miaka 40 na atafute shughuli moja yenye manufaa ambayo hakuna anayemlipa kwayo, aishike kila wiki: kwaya, bustani, vijana wa kandanda, vitabu, wazee wa mtaa. Siku ya keki itakapofika, atakuwa na mahali pa kwenda kesho yake.

Na kwa wanafunzi, naomba walimu wao wabadilishe swali moja. Tumezoea kumwuliza mtoto, "Ungependa kuwa nani ukiwa mkubwa?" Naye hujibu kwa majina ya viti: daktari, rubani, wakili. Muhula huu na tumwulize, "Ungependa kuwafanyia watu nini?" Atakayejibu kwamba angependa kuwatibu wagonjwa aweza kuwa daktari, aweza kuwa mwuguzi, aweza kuwa mhudumu wa afya wa kijiji asiyelipwa vya kutosha. Katika hali zote tatu atajua kazi yake ni ipi. Akipata ajira, na ashukuru na kuitumikia kwa uaminifu. Akicheleweshewa, na aidai. Na siku ile ajira itakapomwacha, au atakapoiacha yeye, hatahitaji kupewa pole.